Mwalimu Nasubiri na Binti Aliyemwita Mwalimu

Ndugu na jamaa, majirani, walimu wa zamani na wa sasa, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kukaa nasi leo, familia imeniomba mimi, mdogo wa marehemu, fundi saa, nisome maisha ya dada yangu, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba yasomwe kama yalivyokuwa na si kama ambavyo tungependa yawe, na sharti hilo limeungwa mkono na binti wa marehemu, aliyeketi hapa mbele.

Dada yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake bali mlimwita Mwalimu Nasubiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya stendi ya mabasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba fundi saa na mama dobi wa hospitali. Mama alifariki tarehe 3 Agosti 1960, marehemu akiwa na miaka tisa, tukalelewa na shangazi yetu, mtu ambaye hakuwa mkali wala mpole, alikuwa na shughuli tu, na kwa kuwa kazi ya baba haikutaka kelele, ilikuwa nyumba ambamo saa zilizungumza kuliko watu. Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1969, ambako siku za kutembelewa alikuwa akijitolea kufagia bwalo, ili asionekane amekaa peke yake. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1971 kwa daraja la pili, huku somo la kulimudu darasa akilipata kwa taabu, kwani mkufunzi aliandika kwenye ripoti yake kwamba sauti yake haifiki madawati ya nyuma.

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 1972 aliripoti kazini kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka ishirini, mfupi, mwembamba, akakabidhiwa Darasa la Nne lenye watoto sitini na mmoja, baadhi yao wakiwa warefu kumzidi, na kwa sababu aliwaogopa, akaamua wamwogope wao kwanza. Alipiga kelele hadi akakaukiwa na koo, alitembea na fimbo, na mwalimu mkuu wa wakati ule alimsifu mbele ya wenzake kwamba darasa lake limetulia kama maji mtungini, sifa ambayo dada yetu aliifurahia kwa miaka miwili na miezi minne.

Alhamisi ya tarehe 16 Mei 1974 alimwita ubaoni msichana mmoja mdogo, mpole, agawanye hesabu, na mtoto aliposhindwa, alimsimamisha mbele ya darasa uso ukiwa ukutani mpaka kipindi kiishe, na alipoomba ruhusa ya kutoka, marehemu alimjibu, "Kwanza hesabu." Mtoto alijikojolea, darasa likaangua kicheko, na kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Marehemu alikwenda nyumbani kwao mara tatu, mara ya kwanza mlango ulifungwa, mara ya pili bibi wa mtoto alimwambia kwa adabu kwamba mtoto amelala, na mara ya tatu alikuta wamemhamishia kwa mjomba wake mji mwingine, naye bibi hakusema ni mji gani. Fimbo aliivunja jioni hiyo na kuitia jikoni kwa shangazi, akalia, na shangazi, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, aliacha alichokuwa akifanya akaketi.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na dada yetu kwa kuukimbia ukali alikimbilia upande wa pili kabisa, akawa haonyi mtu, anakaa sakafuni na watoto, wanamwita dada, wanamchezea nywele, na kelele za darasa lake zikawa zinasikika hadi barabarani. Mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia, "Ukicheka na nyani utavuna mabua," naye akajibu kwamba hawa si nyani, ni watoto, jibu zuri, ila mabua aliyavuna vilevile, kwani Oktoba 1975, akiwa ndani ya darasa na watoto wakirukaruka juu ya madawati, msichana mmoja alianguka akapasuka juu ya jicho, akashonwa nyuzi tatu. Mama wa mtoto huyo, msusi wa kule sokoni, alifika shuleni kesho yake, na marehemu alikuwa amejiandaa kutukanwa, lakini yule mama aliketi, akashusha pumzi, akamwambia maneno ambayo dada yetu aliyarudia mbele yetu miaka yote.

"Mwalimu, mwanangu anakupenda kweli, na mimi nakushukuru. Ila nikimleta hapa asubuhi sikuletei uwe rafiki yake, marafiki anao tele mtaani. Nakuletea kwa kuwa wewe ni mtu mzima."

Ni kuanzia hapo ndipo alipozaliwa mwalimu mnayemfahamu, na hakuzaliwa kwa siku moja, ilimchukua miaka. Alianza kusimama mlangoni kila asubuhi, akimshika mkono kila mtoto na kumtaja kwa jina, na aliyekuja na uso uliokunjamana alimtambua hapo hapo kabla hajaketi. Aliwapa kanuni nne tu, walizozitunga pamoja na kuziandika kwa kalamu nene, na ukivunja mojawapo ulijua nini kitafuata, awe amefurahi au amekasirika, mvua inyeshe au jua liwake, tena hakukuonya mbele ya wenzako, alikuja mpaka kwenye dawati lako akainama na kukwambia kwa sauti ambayo jirani yako hakuisikia. Sauti ile isiyofika madawati ya nyuma hakuipandisha tena, aliishusha zaidi, darasa likichafuka alisimama katikati, akafumbata mikono na kusema neno moja, "Nasubiri," kisha akasubiri kweli, hata robo saa, mpaka watoto wakaanza kunyamazishana wenyewe. Na mtoto aliyeadhibiwa asubuhi hakuachwa aende nyumbani kabla marehemu hajamtafutia jambo jema la kumwambia, hata kama ni kwamba leo mwandiko wako umesimama wima.

Mtakumbuka mkutano wa wazazi wa mwaka 2003, watu walipokuwa wakigombana juu ya ujenzi wa vyoo na mwenyekiti ameshindwa, marehemu aliinuka kwa mazoea akasema, "Nasubiri," na ukumbi mzima wa watu wazima ukakaa kimya, wengine wakaweka mikono juu ya meza, na mkaguzi wa elimu, ambaye naye alipitia Darasa la Nne, akazima simu yake na kuificha mfukoni kama mwizi.

Tarehe 11 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa na fundi mitambo wa kiwanda cha nyuzi, wakajaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1978. Mwaka 1983 mume alipata kazi mji mwingine, akawa anarudi kila mwezi, kisha kila sikukuu, na ndoa hiyo ilikoma tarehe 20 Juni 1985, baada ya kubainika kwamba huko aliko alikuwa na nyumba nyingine yenye watoto, na familia haina la kuongeza, isipokuwa kwamba dada yetu alikuja darasani kesho yake na hakukosa kumshika mkono mtoto hata mmoja.

Sasa tunafika mwaka 1988, ambao binti ameomba usirukwe. Mwaka huo aliingia Darasa la Nne, na kwa kuwa shule ilikuwa na mkondo mmoja tu, mwalimu wake akawa mama yake. Marehemu alimketisha kitandani usiku wa kuamkia siku ya kwanza akamwambia, "Ukivuka ule mlango mimi ni Mwalimu, ukitoka mimi ni mama, sawa?" na mtoto akaitikia. Ila mlangoni, wenzake waliposhikwa mkono na kuulizwa habari, yeye alitikisiwa kichwa tu, kidole chake darasani kilikuwa cha mwisho kuonekana, na alama zake zilihakikiwa mara mbili, yote hayo ili asije mtu akasema mwalimu anapendelea damu yake. Mwezi wa saba wenzake walimchania daftari, akaenda mbele akilia, na marehemu akamwambia, "Rudi mahali pako," ilhali siku moja kabla alikuwa amemfuta machozi mtoto wa jirani kwa leso yake mwenyewe, na binti alikuwa ameona.

Jioni hiyo binti alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Mwalimu, maji ya kuoga yako tayari." Dada yetu alicheka akidhani ni utani, kesho yake akaitwa vilevile, mwaka ukapita akadhani ni mazoea, na alipokuja kutambua kwamba si utani wala mazoea, binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na begi lake liko mlangoni, akienda kusomea ufamasia mji wa mbali. Methali yetu inatuambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini haimtaji yule asiyechelea, ambaye naye alilia, tena bila mtu wa kumwona.

Walizungumza kwa simu kila Jumapili, dakika tatu au nne, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba, hamjambo huko?" "Hatujambo," na wajukuu wawili waliozaliwa mwaka 2006 na 2009 aliwaona mara tatu. Tulipokuwa tukimwambia, dada, panda gari uende, alitujibu kwamba hajaalikwa, na mtu haingii darasa la mwenzake bila kubisha, nasi tulimwacha, na katika hilo sisi wadogo zake tunajilaumu.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2011, baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi, akapewa saa ya ukutani, zawadi ambayo mtoto wa fundi saa aliipokea kwa tabasamu la adabu. Kwa miaka mitatu baada ya hapo aliamka saa kumi na moja, akavaa, akatembea hadi ng'ambo ya barabara mkabala na geti la shule, akasimama kutazama watoto wakiingia, na kengele ikilia akarudi nyumbani kwake, vyumba vitatu, kiti kimoja ndicho kilichochakaa. Mlinzi wa geti alimkaribisha ndani mara nyingi, naye alikataa akisema mwalimu asiye na kipindi hana kazi shuleni.

Miaka hiyo walimu vijana walikuwa wakimfuata nyumbani kumuuliza namna ya kuliongoza darasa, na mmoja wao, mwalimu wa kike aliyerithi Darasa la Nne, alimuuliza siku moja kama aliwahi kukosea, dada yetu akamsimulia habari za watoto wawili.

"Yule wa ukutani nilimpa ukali mtupu. Huyu wangu nilimpenda kuliko wote, nikauficha upendo wangu ili nionekane mwalimu wa haki. Mwanangu, mtoto haoni kilichofichwa. Darasani nilipapata pale katikati, nyumbani sikupapata."

Figo za marehemu zilianza kushindwa kazi mwezi Machi 2021, akawa anasafishwa damu hospitali mara mbili kwa wiki, akienda na kurudi peke yake, na alitukataza kumwambia binti. Ni huyo mwalimu kijana aliyevunja marufuku hiyo, akampigia binti simu na kumweleza yote, ya ugonjwa na yale ya watoto wawili, na binti akafika Jumapili ya tarehe 9 Januari 2022, akamkuta mama yake amekaa kitandani amepungua mwili, akifungua mdomo kuomba radhi kwa kutosafisha nyumba.

Siku ya nne binti alimuuliza kwa nini wengine wote aliwashika mkono.

"Niliogopa wenzako wasije wakakutenga," marehemu alisema. "Nikakutenga mwenyewe."

Binti ametuagiza tusome kwamba alitoka nje akasimama uani mpaka miguu ikachoka, na kwamba hakuna aliyepiga magoti wala kumkumbatia mwenzake, ila asubuhi yake alileta kitana akamchana mama yake nywele, akaendelea kumchana kila siku kwa siku kumi na tatu, na humo katikati walizungumza mambo madogo, bei ya vitunguu, tabia za wajukuu, na mara moja, mama akiwa ameshalazwa hospitali, walicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia.

Marehemu alifariki Alhamisi ya tarehe 27 Januari 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodi ya wanawake, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi kumi. Binti alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa ghorofa ya chini, na aliporudi na mfuko mkononi akakuta pazia limevutwa, kwa hiyo hakuna mtu wa familia aliyekuwa kando ya dada yetu, na hilo tumelisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, jirani wa ukuta mmoja aliyekuwa akigonga kila asubuhi kuhakikisha ameamka, walimu wenzake, na yule mwalimu kijana ambaye hakutii. Mmetuuliza wengi mtusaidie nini, na binti wa marehemu ana ombi moja kwenu ninyi walimu, kwamba mkifika nyumbani leo, yale madaftari yabaki kwanza kwenye begi, mkakae na watoto wenu.

Dada, umefanya kazi, umekosea, umesema kweli. Lala, upumzike, na amani ikukalie.