Mganga Asiye na Sindano

Kijiwe chetu cha Kasingirima ni benchi moja mbele ya jiko la kahawa la Oswald, na kila anayelikalia ni bingwa wa mambo ya watu. Nahodha, ambaye mtumbwi humtapisha, hukaa katikati. Wakili, aliyeshindwa kesi ya kuku wake mwenyewe, hukaa kulia kwake, na mimi kushoto, nikivumilia. Mwisho wa benchi Oswald huweka ndoo ya kuoshea vikombe. Asubuhi ile alijadiliwa Nehemia, mtoto wa Mama Rozalia, mwenye skizofrenia. Dawa zilishanyamazisha zile sauti za kichwani, lakini hamu ya kufanya jambo lolote haikurudi. Alishinda ameegemea ukuta tu. Sasa kila wiki anatembelewa na mwanasaikolojia, Klementina.

NAHODHA: Mganga gani huyo? Sindano hana, hirizi hana, hata panadol hana. Anaongea tu!

WAKILI: Tena alimwambia afue shati moja. Moja! Tangu lini sabuni ikatibu kichwa?

MIMI: Shati si lilifuliwa?

NAHODHA: Ndiyo maana nina mashaka!

WAKILI: Juzi kamtuma ufukweni ageuze dagaa wa mama yake. Kabla hajaenda, kamuuliza: "Unadhani utafurahi?" Jamaa kasema hata chembe. Aliporudi, kaulizwa tena. Kasema, "Kumbe nimefurahi kidogo." Unamuuliza mtu mara mbili mpaka abadili maelezo? Mahakamani huo ni mtego!

NAHODHA: Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nehemia havumi. Maana yake kajaa. Kajaa nini? Siri za kiwanja cha mama yake, ndizo anazotafuta huyo mwanamke!

WAKILI: Kiwanja kitu gani! Huyo anataka ufukwe wote mpaka Ilagala. Anaanza na wasio na hamu, maana hawabishi.

OSWALD: Hata hapa alipita jana. Kaniuliza mnakaa saa ngapi, na Nehemia, kabla hajaugua, alikuwa anakaa wapi.

Tukaweka vikombe chini.

NAHODHA: Mnaona? Keshatufikia! Mpelelezi huyo!

WAKILI: Nchi imeuzwa, wallahi.

NAHODHA: Mficha maradhi kifo humuumbua! Naenda sasa hivi kwa Mama Rozalia, amfungie mlango huyo mwanamke.

Hapo niliogopa kweli. Mama Rozalia amechoka, na mama aliyechoka humsikiliza yeyote, hata Nahodha. Akimfukuza Klementina, Nehemia anarudi ukutani. Nikamshika Nahodha shati, akajinasua, akaanza kutafuta kandambili zake chini ya benchi.

Alikuwa amepata moja tu Nehemia alipojitokeza barabarani, shati limefuliwa, akitembea polepole kama anayevuka matope. Akasimama mbele yetu.

NEHEMIA: Mwakeye, wazee wangu.

Tukaitikia salamu yake kwa sauti ndogo.

NEHEMIA: Dada Klementina aliniuliza nilipenda nini zamani. Nikamwambia kahawa ya hapa na ubishi wenu. Kasema leo nije ninywe kikombe kimoja. Nikamwambia sidhani kama nitafurahi.

Akatazama mwisho wa benchi.

NEHEMIA: Mbona pangu mmeweka ndoo?

Wakili, mwenye jibu la kila jambo, akachungulia kikombe chake, na kilikuwa kitupu. Oswald akajifanya anapuliza mkaa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe Nahodha akainama na kandambili yake moja, akaiondoa ndoo, maji machafu yakammwagikia miguuni, na safari hii hakumlaumu mtu.