Ngusa Maduhu, Fundi wa Winchi Iliyosubiri Marahaba

Ndugu waombolezaji, ukoo umenikabidhi karatasi hii mimi Paskazia, dada anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na wazee wamenionya nisilie kabla sijaimaliza, kwa hiyo nikikohoa kohoa mnivumilie.

Kaka yetu Ngusa Maduhu, Baba Limi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Tinde, wilaya ya Shinyanga, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Maduhu na mama yetu Sikujua, ambaye mnamwona amekaa hapo mbele. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha ufundi Ifunda hadi 1970, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa fundi wa simu Tabora, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini, akipanda nguzo na kuunga nyaya zilizoibwa, mpaka akazichukia nyaya zenyewe. Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na wifi yangu Agnetha mjini Shinyanga, wakajaliwa watoto watatu, Limi, Masele na Paskalina.

Mwaka 1991 aliacha ajira akafungua karakana Nyahanga, Kahama, katika chumba cha nyuma cha duka la spea la Bwana Hozefa, aliyempokea akijua wazi kwamba kaunta yake itajaa redio zilizofumuliwa. Wachimbaji wa upande wa Geita walimletea shida yao, kwamba mtu anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huiamuru winchi, mashine ya kumshusha na kumpandisha, kwa swichi yenye waya mrefu, na waya ule hukatwa na mawe kila wiki. Kaka akatengeneza redio mbili, moja ya kufunga kwenye winchi, nyingine ndogo ya kukaa ndani ya ndoo ya chuma anayopandia mtu, yenye kitufe cha kwenda na cha kusimama, na sisi tukatamba mtaa mzima.

Hapa nisome taratibu, maana yeye mwenyewe aliagiza tusiparuke. Tarehe 9 Novemba 1994, saa nane mchana, mdogo wetu Thobias, naye mchimbaji, alikuwa anapandishwa kutoka shimoni, betri ya redio yake ikafa, akabonyeza kusimama na neno halikufika, winchi ikazidi kuvuta, kwa sababu kaka aliitengeneza ikisikia kimya iendelee na ilichoambiwa mwanzo, ndoo ikagonga boriti ya juu, Thobias akaanguka, na mguu wake wa kulia haukupona. Hakuna aliyemshitaki kaka, alijishitaki mwenyewe, akafunga karakana miezi mitano, na alipokwenda kumjulia hali Thobias aliishia uani, hakuthubutu kuingia ndani.

Aprili 1995 wifi Agnetha alimpigia mama goti, akamwamkia shikamoo, na mama, unisamehe mama, hakuitikia kwa kuwa masikio yameshachoka, basi wifi, kwa malezi yetu ya Kisukuma, akabaki pale pale amepiga goti, hakuinuka mpaka alipopata marahaba yake. Kaka alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini akasema, "Kumbe mashine yangu haina adabu!" Akaanza upya, winchi ikawa inaiita redio ya kwenye ndoo mara mbili kila sekunde, ikijibiwa inavuta, isipojibiwa inakata umeme na kufunga breki papo hapo, na kila redio ikaitikia jina lake tu, jirani asije akapokea salamu isiyo yake. Wachimbaji wakakiita kifaa hicho Marahaba.

Lakini nani angekubali kukipanda? Tarehe 16 Juni 1995 kaka aliingia kwenye ndoo yeye mwenyewe, akamkabidhi Thobias antena ya winchi, aing'oe muda wowote apendao. Thobias aliing'oa ndoo ikiwa katikati ya shimo, winchi ikasimama, na akamwacha kaka ananing'inia robo saa nzima, na mpaka leo anadai kwamba skrubu ilimsumbua kurudisha, nasi tunaitikia tu. Kaka alipotoka walikumbatiana wakalia. Tangu hapo alifunga vifaa kumi na saba, na hakuna aliyeumia tena kwa sababu ya kimya.

Aliugua figo kuanzia Oktoba 1998, akatibiwa Kahama na baadaye Mwanza. Siku mbili za mwisho hakuweza kusema, ila Thobias alipomwamkia alimbana kidole, na hiyo ndiyo ilikuwa marahaba. Alhamisi tarehe 3 Juni 1999, saa tatu asubuhi, Thobias alisema shikamoo kaka, akarudia, akarudia tena, na hakuuachia mkono ule mpaka muuguzi alipomgusa bega.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyahanga na wa hapa Tinde, Bwana Hozefa na familia yake, mafundi wenzake, na wachimbaji mliosimamisha winchi zote leo bila kuombwa na mtu.

Thobias hawezi kupiga goti kwa mguu ule, kwa hiyo ninapiga mimi kwa niaba yetu sote. Shikamoo kaka. Leo nitainuka bila marahaba yako. Pumzika kwa amani.