Dakika Kumi za Marehemu Efraimu Anyosisye Mbonile

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Isansa, na ninyi mliotoka Tunduma na Nakonde, ng'ambo ya mpaka, familia ya Mzee Anyosisye Mbonile inawasomea maisha ya mtoto wao, na inawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna ombi moja.

Marehemu Efraimu alizaliwa tarehe 9 Machi 1980 hapa hapa Isansa, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Anyosisye na Mama Ruti, akabatizwa Mbozi Mission mwezi Agosti mwaka huohuo, na mama yake anasema tangu mdogo alikuwa mtu wa kueleza jambo moja hata mara kumi, si kwa ubishi, bali kwa kuamini kwamba ukimweleza binadamu taratibu ataelewa tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwaka 1996, akaishia hapo pale chama cha ushirika kilipoacha kukusanya kahawa na wanunuzi binafsi wakawa wanakuja siku wanayotaka wao, ada ikakosekana, na ni mwaka huo alipoifungua redio ya baba yake, akaitandaza vipande vipande juu ya gazeti, Mzee alipotoka shambani akamwambia, "Hiyo isiporudisha sauti, taarifa ya habari utanisomea wewe," na sauti ikarudi kabla ya taarifa.

Januari 2000 alihamia Tunduma, akafungua kibanda cha ufundi mtaa wa Sogea, akitengeneza redio, televisheni na baadaye simu, cheti hakuwa nacho, ila wenye vyeti walimpelekea kazi zilizowashinda, na tarehe 7 Oktoba 2006 alifunga ndoa Vwawa na Restuta Mwazembe, wakajaliwa watoto wawili, Nesta aliyezaliwa mwaka 2008 na Amoni aliyezaliwa mwaka 2011.

Wapo wazee wa ukoo walioshauri sehemu inayofuata irukwe, kwamba mtu mzima hasomewi michezo kwenye msiba wake, lakini familia imeona kwamba ikirukwa, kila mmoja hapa atabaki na maelezo aliyoyasikia stendi, na hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mwaka 2010 marehemu na wenzake, bodaboda, mawakala wa forodha na mwalimu mmoja, walianza mchezo wa vita wa kila Jumapili baada ya ibada, kwenye miti ya mikaratusi kule Mpemba, kwa bunduki za plastiki za kichina zinazorusha vigololi vidogo vya plastiki, macho wameyakinga kwa miwani ya mafundi wa kuchomelea, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, kwamba hakuna aliyekubali kuwa amepigwa, huyu anasema "umekufa wewe, toka", yule anajibu "imenipita, tena kwa mbali", wakamaliza mchana mzima kwa kubishana, mpaka marehemu alipochukua visahani vya kengele kutoka saa mbovu za ukutani, akavishonea kwenye vizibao, kigololi kikikugusa kizibao kinalia, na ubishi ukaisha.

Kisha akatengeneza sanduku, na tunaomba mlielewe sanduku hili, kwa sababu mtu mmoja kulielewa kungetosha: ni boksi la mbao la futi moja, ndani lina betri ya pikipiki, juu lina taa nyekundu na ya kijani, namba za saa ya mezani na kitufe cha kengele ya mlangoni, timu inayoliteka inabonyeza, namba zinahesabu kurudi nyuma kutoka dakika kumi, wasiponyang'anywa mpaka sifuri wameshinda, na hapo linapiga muziki wa taa za Krismasi, basi, hilo ndilo lote linalofanya, na wachezaji wa Nakonde waliomwita Bashi Nesta, yaani baba Nesta, walikuwa wakilisikia wanaanza kucheza dansi porini huku wameshindwa.

Nesta alipenda kubonyeza kile kitufe nyumbani, ndiyo maana baba yake aliandika juu ya boksi, kwa herufi kubwa nyekundu, USIGUSE.

Jumapili ya tarehe 17 Agosti 2014, wakiwa stendi ya Tunduma, safarini kwenda kucheza na vijana wa Vwawa, marehemu aliliweka kwenye begi akasahau kuchomoa betri, begi la mwingine likakandamiza kitufe ndani ya buti ya kosta, kondakta akafungua zipu akaona nyaya, namba zinazopungua na yale maandishi, akapiga kelele kwamba ni bomu, na marehemu, badala ya kukimbia kama wengine, alilifuata sanduku lake akisema "jamani subirini, zimebaki dakika sita, mtasikia wenyewe," neno ambalo ukilisikia kwa hofu si la kukutuliza, watu wa stendi wakampiga mateke ya mgongoni na kiunoni, wakavunja waya wa betri, namba zikazimika.

Alishikiliwa polisi siku tisa, akaulizwa linahesabu nini, akajibu, "Dakika, afande," akaulizwa mpaka lini, akajibu, "Mpaka mchezo uishe," akaulizwa mtu mwenye mke na watoto anacheza mchezo gani, akaanza kuwaeleza tangu vizibao, akakatizwa na kuambiwa sanduku linapelekwa Dar es Salaam kwa mtaalamu, na mpaka majibu yarudi asitoke nje ya wilaya na aripoti kila Jumatatu.

Aliripoti Jumatatu thelathini na tisa, kuanzia tarehe 1 Septemba, na kila Jumatatu aliomba kitu kimoja, aunge waya ule mmoja mbele yao, hata uwanjani, hata wao wakikaa mbali, wampe dakika kumi, akaambiwa tusubiri mtaalamu, akarudi kibandani kutengeneza redio, zikiwemo za watu waliokuwepo stendi siku ile, waliozileta bila kumtazama usoni, naye akazipokea.

Maumivu ya kiuno yalianza Septemba hiyohiyo, Februari 2015 miguu ikavimba, Aprili madaktari wakasema figo zimeshindwa kazi na anatakiwa Dar es Salaam haraka, kibali cha kutoka wilayani kikaombwa, kibali kikasubiri majibu ya mtaalamu, na Jumatatu ya tarehe 1 Juni, akiwa hawezi kuinuka kitandani, alimtuma Restuta akaripoti kwa niaba yake, Restuta akaambiwa mtuhumiwa aje mwenyewe.

Alifariki Alhamisi tarehe 11 Juni 2015, akiwa na miaka thelathini na tano, miezi mitatu na siku mbili.

Jana familia ilipigiwa simu kwamba kwa kuwa mhusika amefariki jalada limefungwa, ikachukue mali yake, akaenda Wiliam, mchezaji mwenzake, akakabidhiwa sanduku mkono kwa mkono, lilitolewa pembeni ya meza ya chai, juu yake kulikuwa na chupa ya chai, na alipouliza limerudi lini kutoka Dar es Salaam akajibiwa kwamba halijawahi kwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya lililokuwa ndani ya uwezo wao, mafundi wenzake wa Sogea, wachezaji wenzake wa pande zote mbili za mpaka, na majirani wote, pamoja na wale waliokuwepo stendi, ambao leo tunawaona wamebeba viti.

Ombi letu ni hili. Sanduku liko hapa miguuni pa jeneza, Wiliam ameunganisha waya na kuweka betri mpya, Nesta ndiye atakayebonyeza kitufe, na tunaomba asiinuke mtu yeyote, tukae hizo dakika kumi alizoziomba mara thelathini na tisa, tuzisubiri mpaka mwisho, tusikie wenyewe.

Nawe baba Nesta, kaka yetu, usieleze tena, pumzika kwa amani.