Hawakuongea Kuhusu Kurudi

Treni ya jioni ilipotoka Ruiru kuelekea Thika, Gachau alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake, msichana aliyekuwa bado na kadi ya kongamano shingoni alimweleza mama mmoja wa buibui jinsi walivyoshinda chuoni wakijadili sheria, uchumi na kesho ya Kenya.

"Na watoto wetu wako Doha, mliwaongelea?" mama akauliza. "Rayan wangu ako huko."

"Sana, mum. Pesa wanatuma ndio inashikilia uchumi."

"Pesa naiona. Nauliza kuhusu kurudi."

"Hiyo haikuwa kwa programu."

Gachau, ambaye mke wake pia yuko huko, naye humwona kwa simu tu, alifungua macho. Wasomi wote hao, na hakuna aliyeuliza.

"Basi ukimaliza kusomea hiyo sheria, utawauliza wewe," mama akasema.

Msichana alitazama dirishani. "Nimepata kazi, mum. Huko huko Doha. Naenda mwezi ujao."

Treni ilikuwa ikiingia Thika. Mama alimvua ile kadi, akamtilia mfukoni, kisha akamfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

Doha hakuna baridi, Gachau alitaka kusema. Treni ikasimama.