Alama za Huruma

Mwangaluka, ndugu zangu. Mchungaji amenipa dakika tano, na mwalimu akipewa tano hutumia arobaini, kwa hiyo mnivumilie. Nimesimama kueleza jinsi nilivyomharibia njia mtoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na jinsi alivyoinuka.

Mnajua hapa kwetu Bariadi, pamba ikipasuka darasa linabaki nusu. Mimi nafundisha Kemia sekondari. Watoto walikuwa wanarudi kutoka shambani vidole vimechanika, wiki tatu hawajashika daftari, nami nawaonea huruma. Aliyepata kumi nampa arobaini na tano. Ambaye hakufanya mtihani kabisa, namkisia alama. Wazazi mlinipenda jamani, hata msibani nilikuwa napewa kiti cha mbele. Nikajiona mtu mwema.

Kulikuwa na binti mmoja, simtaji. Tangu mdogo alitaka uuguzi. Ripoti zake za Kemia, kwa mkono wangu mwenyewe, zilisema sitini na mbili, kisha sitini na nane. Matokeo ya kidato cha nne yakatoka: Kemia, F. Na bila Kemia, chuo cha uuguzi hakikupokei.

Ndugu zangu, nawaambia, niliwakimbia. Nikimwona mama yake mnadani, nageuza baiskeli. Miezi sita hivyo. Julai ndipo nikajikaza, nikaenda kwao na kilo ya sukari kama mtu anayekwenda kutoa pole.

Niliwakuta mama na binti wanachambua pamba: safi huku, na fifi, ile iliyochafuka, kule. Mama hakunifokea. "Kaa, mwalimu, tusaidie." Nikachambua. Baada ya muda akaingiza mkono kwenye rundo langu la safi, akatoa fifi moja, ya pili, ya tatu.

"Na hizi umezionea huruma?" akauliza. "Zikifika mzanini hivi, wanatukatalia gunia zima."

Akaendelea taratibu, "Karatasi yako ilisema mwanangu anaweza. Ndiyo maana kila msimu nilimtoa shule aje kuchuma. Ungeandika ukweli, ningechuma mwenyewe."

Kumbe mimi niliyejidai kumsaidia ndiye niliyemtoa darasani. Nililia pale pale, mzee mzima.

Binti akasema, "Mama, usimtwike peke yake. Mimi nilijua kwamba sijui. Nikishaona zile alama, nilikuwa nafunga daftari."

Jumamosi iliyofuata tukaanza upya, ajiandae kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jaribio la kwanza alipata kumi na moja. Nikaandika kumi na moja. Aliitazama karatasi, akasema, "Sawa, mwalimu. Leo najua pa kuanzia." Mwaka uliofuata alirudia mtihani, akapata C. Sasa yuko chuo cha uuguzi.

Shuleni nako nilibadilika, na darasa zima likaanguka. Mzazi mmoja alisema nimerogwa. Mkuu wangu wa shule alinikingia kifua. Akaruhusu wanaokosa vipindi msimu wa pamba waje Jumamosi, wasome, warudie jaribio. Lakini alama ni ile aliyoipata mtoto, siongezi hata moja.

Namshukuru mkuu huyo. Namshukuru yule mama, ambaye angeweza kunifukuza akanipa kazi. Wabeja sana, mayu, asante sana mama. Namshukuru na binti, kwa kukubali sehemu yake bila kulazimishwa. Nilichojifunza ni kidogo tu: mtoto asipoambiwa alipo, hawezi kutoka hapo. Kumhurumia ni kubaki naye hadi aelewe, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kuandika arobaini na tano.

Namalizia, mchungaji ananitazama. Kesho narudisha karatasi za kidato cha tatu. Yupo aliyepata tisa, na mzazi wake yuko humu ndani, anacheka pamoja nasi. Mpendwa, nakuomba usimpige. Mwambie Jumamosi aje na daftari, atanikuta.