Bipu Moja Kutoka Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, leo sina salamu ndefu. Nimesoma habari nyingi kwenye kiti hiki, lakini hii imeniacha mdomo wazi.

Mzee Kipimo amefariki. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mzee Kipimo, msoma kina cha mto, amefariki. Alikufa maji Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa kazini. Pale aliposimama haikuwa imenyesha hata tone.

Kazi yake ilikuwa hii. Kwenye kona ya mto, kilomita nne chini ya bwawa la umeme, kuna ubao wa chuma wenye namba, umesimikwa majini. Kwa miaka thelathini na moja, kila asubuhi, alikunja suruali, akaingia hadi magotini, akasoma maji yamefika namba ngapi na kuandika kwenye daftari la idara ya maji. Siku ya harusi yake aliandika pia, na mkewe anasema bwana harusi alifika na viatu vilivyolowa. Mama huyo ananiambia alipojifungua, mumewe aliingia wodini akauliza mtoto ana sentimita ngapi kabla ya kuuliza ni wa kike au wa kiume. Manesi ndio waliompa mzee lile jina la Kipimo.

Wawekezaji wa kigeni walipokuja kujenga bwawa, walikuja na kompyuta, kofia ngumu na mabenki nyuma yao. Ila mto hawakuujua, na benki haikopeshi kwa maji ya kukisia. Basi walikaa sebuleni kwake siku tatu wakipiga picha madaftari ya miaka ishirini na miwili. Binti yake, fundi cherehani, anakumbuka baba alivyoona wageni wanafunua kurasa kwa mikono yenye mafuta. Alileta beseni na sabuni.

Bwawa likajengwa, na hatari ikaja nalo. Malango yakifunguliwa, maji hufika kwenye kona ile kwa dakika chache. Mzee Kipimo na fundi wa malango wakapatana namna yao. Akifika mtoni, anabipu simu ya mezani ya chumba cha mitambo mara moja: naingia. Akitoka, anabipu mara mbili: nimetoka. Kati ya hapo, hakuna lango linaloguswa. Hakuna anayepokea simu, hakuna vocha inayoliwa. Miaka sita ilienda hivyo bila kosa hata moja. Na haikuandikwa popote.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipoanzia. Mwanzoni mwa mwaka, kampuni ile iliuza bwawa kwa kampuni nyingine, ya kigeni vilevile. Makabidhiano yalichukua wiki mbili, na kila nati iliandikwa. Fundi wa malango akastaafishwa. Malango sasa yanafunguliwa kwa kompyuta kutoka mjini, mwendo wa saa tano kwa gari. Chumba cha mitambo kikafungwa kufuli, simu ya mezani ikiwa bado imechomekwa ukutani.

Ikaendelea kuita. Wiki kumi na moja, kila asubuhi, iliita kwenye chumba kisicho na mtu. Na kwa kuwa bipu haijibiwi, Mzee Kipimo angejuaje? Kilikuwa kiangazi, malango yalikuwa yamefungwa. Jumanne yakafunguliwa, kwa sababu mvua kubwa ilinyesha huko juu. King'ora kililia, ndiyo. Kililia bwawani, kilomita nne kutoka aliposimama yeye.

Nilimfuata yule fundi wa malango nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, na hata kunikaribisha hakuweza.

"Nilidhani mkuu wetu pale bwawani amewaambia wale wapya habari za bipu," alisema. "Mkuu alidhani nimewaambia mimi. Tulikunywa soda za kuagana, tukapiga picha, na hakuna aliyesema."

Simu ya marehemu ilikutwa ndani ya kiatu chake, juu ya jiwe, alipozoea kuiacha. Binti alinionyesha orodha ya simu za Jumanne. Kuna bipu moja tu.

Jumamosi tulimzika. Baada ya mazishi, maofisa wawili wa kampuni mpya walitoa pole, wakasema malango yalifunguliwa kwa kufuata taratibu zote zilizoandikwa. Halafu wakaomba madaftari. Jamani, kaburi halijakauka! Wanataka kujenga bwawa la pili, na benki ya nje imewaambia walete rekodi za mto. Nilikuwepo, na sikuamini masikio yangu. Binti hakupandisha sauti.

"Daftari la Jumanne halijajazwa," aliwaambia. "Jazeni nyinyi. Maji yalifika wapi?"

Mmoja alifunga mkoba wake, wakaondoka.

Kwa mama, kwa binti na kwa ukoo mzima, kituo hiki kinawapa pole. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayekabidhi kazi kesho, mahali popote, jiulize ni nani anayeishi kwa neno ambalo mnalijua wawili tu. Liandike, au liseme kwa sauti kabla hujafungua hiyo soda.

Jana tuliipigia kampuni tukauliza nani sasa anaangalia kama kuna mtu mtoni kabla ya malango kufunguliwa. Tuliambiwa swali letu limepokelewa. Basi nasema na nyinyi wa kona ile, wenye nguo za kufua na mchanga wa kuchota. Kesho asubuhi msiingie majini, tafadhali. Mpaka dakika hii ninapoongea, huko juu hakuna anayejua kwamba mpo.