Chumba cha Kusemea Mtoto Asisikie

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa ofisi ya wakimbizi, maafisa wa mahojiano, wakalimani, na ninyi wenzangu mliobanana kule nyuma na watoto mapajani, nawasalimu nyote. Mwanangu hakulala, kwa hiyo na mimi sikulala; mkiniona napiga miayo, msidhani nimechoshwa na shughuli yenu.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa chumba hiki kinachofunguliwa leo, na nashukuru kwa moyo wote. Lakini mnajua kilianzaje?

Mara ya kwanza nilihojiwa nikiwa nimempakata binti yangu. Afisa, kijana mpole, akaniuliza, “Dada, ulikimbia nini kwenu?” Nikajibu, “Vita.” “Vita tu?” “Vita tu.” Ningesemaje yaliyonipata mimi mwenyewe, na mtoto ananitazama mdomoni? Wakaona sina la kueleza, wakaninyima hifadhi.

Kwenye rufaa nilimkuta Mama Mkurugenzi. Alimwangalia binti yangu, akaweka kalamu chini. “Huyu anaelewa kila kitu, siyo?” Nikamwambia, “Hata asichoambiwa, mama.” Akamwita dada wa usafi akae naye upande wa pili wa dirisha la kioo, ili mtoto anione asinisikie. Ndipo nikasema. Nilisema mpaka mkalimani akaomba maji, na binti yangu kule ananipungia mkono, anacheka. Leo natambuliwa kuwa mkimbizi, nashona nguo za watu, na hakuna wa kunirudisha.

Mheshimiwa, kioo kile sasa kimejengewa chumba kizima, na midoli ya watoto imewekwa. Vizuri sana. Je, waliokataliwa kabla ya chumba? Wifi yangu yule pale, mwenye kilemba cha bluu, alihojiwa na wanawe wamemzunguka. Naye alisema “vita tu.” Ameamriwa aondoke nchini mwisho wa mwezi huu. Asubuhi ameniambia, “Wifi, kashukuru urudi ukae, usituharibie.” Nisamehe, wifi, naharibu.

Sheria yenu inakataza mtu kurudishwa kwenye hatari. Hatari yake mtaijuaje, kama hajapata pa kuisemea? Simwombei huruma. Nataka asikilizwe upya, ndani ya chumba hiki. Mkasi wa utepe unao wewe, Mheshimiwa; kabla hujakata, tutajie mbele ya watu hawa siku ambayo wifi yangu atakuja. Watoto nitakaa nao mimi, upande ule wa kioo.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Naisubiri hiyo siku, nikiwa nimesimama hapa hapa.